Gharama za kuanzisha ofisi ndogo ya huduma za kompyuta mpakani

Na Mwandishi Wetu

Tangu vituo vya pamoja vya forodha vianze kazi katika mipaka ya Afrika Mashariki, kikiwemo cha Namanga kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018, sehemu kubwa ya kazi za karatasi imehamia kwenye kompyuta. Wakala wa forodha anaingiza nyaraka kwenye TANCIS upande wa Tanzania au iCMS upande wa Kenya. Msafirishaji anafuatilia lori lake kwa simu, na mwenye duka anatoa risiti ya kielektroniki. Mtandao ukikatika lori linalala, na kila siku ya kulala ina gharama yake.

Hali hiyo imefungua biashara mpya: ofisi ndogo inayofunga mtandao, kutengeneza kompyuta, kufunga vifaa vya kufuatilia malori na kutunza nakala za kumbukumbu za wateja. Baadhi ya wafanyabiashara na wasafirishaji wamefikiria kuweka fedha zao huko. Je, mtaji unaohitajika ni kiasi gani?

Usajili na leseni

Gharama hii huogopwa sana, lakini ni miongoni mwa zilizo ndogo. Tanzania, kusajili jina la biashara BRELA ni Sh 20,000, yaani Sh 15,000 za usajili na Sh 5,000 za utunzaji wa kila mwaka. Namba ya mlipakodi (TIN) hutolewa bure na TRA. Leseni ya biashara hupatikana halmashauri. Kenya, jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen kwa karibu Sh 1,000 za nchi hiyo, PIN ya KRA ni bure, na kibali cha biashara hutolewa na kaunti.

Tofauti inajitokeza kwenye risiti. Mfanyabiashara wa Tanzania hununua mashine ya EFD kwa mawakala walioidhinishwa. Wa Kenya anaweza kutumia eTIMS kwenye simu au kompyuta bila kununua mashine. Asidharau jambo hilo, kwa sababu tangu Januari 2024 mteja wa Kenya asiyekuwa na ankara ya eTIMS hawezi kuondoa matumizi hayo kwenye hesabu zake za kodi. Fundi asiyetoa ankara hiyo atakosa wateja wenye kampuni.

VAT haimhusu anayeanza. Kiwango cha lazima cha kujisajili ni mauzo ya Sh milioni 200 kwa mwaka Tanzania, tangu Julai 2023, na Sh milioni 5 za Kenya upande wa pili.

Pango na vifaa

Tanzania, mwenye nyumba kwa kawaida hudai pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na kwenye eneo zuri huenda mpangaji anayeondoka akadai kilemba. Kenya, wengi hulipa kila mwezi pamoja na amana. Kwa hiyo chumba cha bei ile ile kinameza mtaji mkubwa zaidi Tanzania siku ya kwanza.

Kuhusu vifaa, kompyuta hazitozwi ushuru wa forodha chini ya Ushuru wa Pamoja wa EAC. Hata hivyo msamaha huo hauondoi tozo nyingine, hivyo ulizia gharama yote kabla ya kuagiza. Usisahau UPS na stebilaiza. Umeme unaopanda na kushuka huunguza kompyuta ya mteja, na atakayeilipa ni wewe.

Mfano wa hesabu

Takwimu zifuatazo ni mfano wa kukokotoa tu. Msomaji aweke bei alizopewa mjini kwake. Tuchukue ofisi upande wa Tanzania yenye fundi mmoja wa kuajiriwa.

- Usajili na leseni: Sh 300,000
- Pango miezi 6 kwa Sh 200,000: Sh 1,200,000
- Kompyuta 2 zilizotumika: Sh 1,200,000
- Printa yenye skana: Sh 900,000
- UPS na stebilaiza: Sh 400,000
- Kuunganisha intaneti: Sh 250,000
- Mashine ya EFD: Sh 600,000
- Meza, viti, waya na zana: Sh 350,000
- Jumla: Sh 5,200,000

Wengi huishia hapo na kufungua mlango. Lakini kila mwezi kuna mshahara, tuseme Sh 300,000, na juu yake mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 (Sh 30,000) na wa WCF wa asilimia 0.5 (Sh 1,500). Ongeza intaneti Sh 100,000, umeme Sh 80,000, wino na karatasi Sh 150,000, na usafiri Sh 40,000. Jumla ni Sh 701,500 bila pango. Akiba ya miezi mitatu ni Sh 2,104,500, na mtaji halisi unafika Sh 7,304,500.

Vifaa navyo huchakaa. Sheria ya kodi ya Tanzania inaruhusu uchakavu wa asilimia 37.5 kwa kompyuta. Kwa kompyuta na printa za Sh 2,100,000, mwaka wa kwanza ni Sh 787,500, au Sh 65,625 kwa mwezi. Ukijumlisha na pango, gharama ya mwezi ni Sh 967,125. Kwa siku 26 za kazi, ofisi lazima iingize zaidi ya Sh 37,000 kila siku, na mwenyewe bado hajajilipa hata senti.

Deni la wateja

Hapa ndipo ofisi nyingi ndogo hufungwa. Mteja mzuri wa mpakani ni kampuni ya usafirishaji au wakala wa forodha, na wote wawili hulipa baada ya wao kulipwa. Ukiwa na wateja watatu wa mkataba wa Sh 400,000 kwa mwezi, kila mmoja akilipa baada ya siku 60, Sh 2,400,000 zako ziko nje. Akiba yako ya miezi mitatu imekwisha wakati vitabu vinaonyesha faida. Ni busara kudai nusu ya malipo mwanzoni, hasa pale unaponunua vifaa kwa fedha zako.

Ukihudumia ng'ambo ya mpaka

Anayetuma ankara nchi jirani akumbuke kodi ya zuio. Mtaalamu mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 na mteja wake. Wa kutoka nchi nyingine ya EAC hukatwa asilimia 15. Kwenye ankara ya Sh 50,000 za Kenya, Mtanzania atapokea Sh 42,500. Tanzania nayo hukata asilimia 15 kwa mtoa huduma asiye mkazi, na asilimia 5 kwa mkazi. Panga bei ukijua hilo, na daima dai hati ya zuio, kwani ndiyo ushahidi wako mbele ya mamlaka ya kodi ya nyumbani.

Jambo la pili ni zito zaidi. Amri ya Tanzania iliyotolewa Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwemo kutengeneza simu na vifaa vya elektroniki, kutuma fedha kwa simu na uwakala wa forodha. Mkenya au Mganda anayetaka kufungua ofisi ya kompyuta upande wa Tanzania amwone ofisa biashara wa halmashauri kabla ya kulipa pango. Pango la miezi sita likishalipwa, kurudishiwa si rahisi.

Kwa ufupi, anayeanza na Sh milioni 5 katika mfano huu amenunua vifaa tu. Ni afadhali aanze na kompyuta moja na kubaki na akiba, kuliko ofisi iliyojaa vifaa huku fundi akidai mshahara mwezi wa pili.