Dona, sembe na ubongo: historia ya kitu tulichokiita uchafu

Nilipotea kidogo, desa zilinizidi. Jumapili nilipanda kwa bibi, kule kwenye miteremko ya Meru, nikamkuta anamwagia ng'ombe pumba. Nikamtania: "Bibi, ng'ombe unamlisha uchafu wa mahindi?" Akajibu bila hata kunitazama: "Uchafu ni huo ugali mweupe mnaokula chuoni." Nikacheka. Niliporudi gheto nikaanza kusoma, kicheko kikaisha.

Basi bwana, stori inaanzia hapa hapa Afrika Mashariki. Daktari Mwingereza Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda kuanzia 1929. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, akafika Uganda 1946. Wote wakashangaa: magonjwa yaliyojaa kwao, kama kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, vijijini huku yalikuwa adimu. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake wakachapisha vipimo vya choo (msicheke!). Mwanakijiji wa Uganda alitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, baharia Mwingereza kama gramu 100 tu. Tofauti waliyoiona ni nyuzinyuzi za chakula. Burkitt akawa maarufu. Majina ya wale wanakijiji nani anayajua?

Zamani watu waliona nyuzinyuzi zinapita tu. Kumbe bakteria wa utumbo mpana wanazichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta: asetiki, propioniki na butiriki. Ng'ombe wa bibi anaishi kwa hizo hizo, ila yeye anachachushia kwenye tumbo lake la kwanza.

Huku maabara nako kulikuwa na stori yake. Mwaka 1977 ilionekana kwamba asidi butiriki inabadilisha histoni, yaani zile protini ambazo DNA imejizungushia. Histoni zikibadilika, DNA inalegea na baadhi ya jeni zinaanza kusomeka. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba asidi hizi zinaamsha jeni ya kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa dopamini na adrenalini, kemikali ambazo seli za neva hutumia kupeana ujumbe. Yaani kile cha kumwagiwa ng'ombe kinaweza kugusa swichi za neva!

Ila wadau tusidanganyane. Zile zilikuwa seli za uvimbe wa panya kwenye kisahani, sio ubongo wangu wala wako. Tena sehemu kubwa ya asidi butiriki huliwa na ukuta wa utumbo wenyewe kabla haijafika mbali. Kwa hiyo asije mtu kuniambia ukila dona leo utafaulu UE kesho.

Lakini jirani zetu wa Kilimanjaro wametupa la kufikiria. Utafiti uliotoka 2025 uliwahusisha wanaume 77. Waliohamishwa kutoka chakula cha asili kwenda cha kizungu kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe mwilini kupanda. Wiki mbili! Sisi tunakaa hapa miaka mitatu na chipsi mayai.

Mimi nimeshamwomba mama ntilie wetu apike dona japo mara moja kwa wiki. Kasema nikileta watu kumi, anapika. Mpaka sasa tupo wanne.

Haya, nani anakuja?