Uzuri wa Mkakasi: Historia Fupi ya Rangi ya Jicho

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi ukipata maji basi. Mkakasi ni kijisanduku kilichopambwa nje kwa rangi na nakshi. Kikiroweshwa, rangi huteremka na kubaki mti mtupu. Kwa kawaida methali hii hutumika kumsuta mtu ambaye sura yake imeipita tabia yake. Lakini tukiichukua kwa maana yake ya dhahiri, ni swali la ufundi ambalo kila kungwi wa Unguja au Lamu amewahi kujiuliza: nimpake nini bibi harusi huyu, katika joto hili la kaskazi, ili jicho lake libaki kama nilivyolichora mpaka wageni waondoke, ilhali kuna jasho, kuna moshi wa udi, na kuna machozi ya kuagana na mama yake?

Swali hilo lina umri usiopungua miaka 6000, na majibu yake yameacha athari katika makaburi, katika misamiati na hata katika sheria. Katika makala haya nakusudia kuyafuata majibu hayo, kwani naona kuna jambo moja yanayotufunza: rangi ya jicho haidumu kwa sababu ya rangi yenyewe, bali kwa sababu ya kile kinachoishika, na kile kinachoishika ndicho tusichokiuliza.

Tuanzie Misri. Katika makaburi ya watu wa Badari, walioishi Misri ya Juu karibu na mwaka 4000 kabla ya Kristo, wachimbaji wamekuta vibao vya mawe vya kusagia rangi. Marehemu alizikwa na kibao chake, kwani hakutarajiwa kuingia katika maisha ya pili akiwa na macho makavu. Kifaa hiki cha urembo kilipata heshima kubwa kiasi kwamba karibu na mwaka 3100 K.K. kilitumika kutangazia ushindi wa mfalme. Kibao mashuhuri cha Narmer, kilichofukuliwa Hierakonpolis mwishoni mwa karne ya 19, kina picha ya mfalme akimpiga adui upande mmoja, na upande wa pili wanyama wawili wenye shingo ndefu zilizosokotana. Shingo hizo zimezunguka kishimo cha duara. Kishimo hicho ndicho mahali pa kusagia rangi ya macho. Hivyo, mojawapo ya kumbukumbu za mwanzo kabisa za dola duniani imechongwa juu ya chombo cha kujipambia.

Rangi iliyopendwa zama hizo ilikuwa ya kijani. Ilitokana na malakaiti, jiwe la shaba lililochimbwa Sinai na katika jangwa la mashariki ya Nile, na ilipakwa kwa wingi juu ya kope na chini yake, na wanawake kwa wanaume. Hapa ndipo fundi alipokutana na mtihani wake wa kwanza. Malakaiti ikisagwa sana hupauka. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo, ndivyo kijani kinavyoelekea kuwa cheupe. Anayetaka kijani kikali hana budi kubakisha chembe kubwa kidogo. Lakini chembe kubwa haishiki kwenye ngozi: huanguka shavuni, au huingia jichoni na kulikwaruza. Kwa hiyo ukali wa rangi na kudumu kwake vilikuwa vikivutana tangu siku ya kwanza, na aliyevipatanisha ni mafuta. Unga wa jiwe ulichanganywa na shahamu au kitu kingine cha kunata, ukapata kuishika ngozi.

Baadaye kijani kilirudi nyuma, na nyeusi ikatawala. Hiyo ilitokana na galena, jiwe la risasi lenye kumeta kama chuma kilichokatwa sasa hivi. Wamisri walilichimba Gebel el-Zeit, kwenye pwani ya Bahari ya Sham, na pia walilipokea kwa biashara. Katika kaburi la Khnumhotep wa Pili huko Beni Hasan, lililochorwa karibu na mwaka 1890 K.K., umo msafara wa watu wa Asia waliovaa nguo za milia, na maandishi yanasema kuwa ni watu 37 walioleta wanja. Hali kadhalika, katika hekalu la malkia Hatshepsut huko Deir el-Bahari, la karne ya 15 K.K., orodha ya shehena iliyotoka nchi ya Punt inautaja wanja pamoja na manemane, mpingo na pembe za ndovu. Mahali hasa palipokuwa Punt wataalamu wanabishana, ingawa wengi huiweka upande wa kusini wa Bahari ya Sham na Pembe ya Afrika. Msomaji wa pwani atatambua mara moja aina ya shehena hiyo, kwani ndiyo iliyopakiwa majahazini kwetu kwa karne nyingi baadaye.

Jambo la ajabu zaidi lilikuja kujulikana juzi tu. Makumbusho ya Louvre mjini Paris yana vichupa vya wanja wa Misri ambavyo unga wake ulibaki ndani. Mwaka 1999 wanasayansi wa Ufaransa walitangaza kwamba, pamoja na galena, walikuta humo chumvi mbili za risasi ambazo ni adimu mno kuonekana zenyewe katika maumbile. Zilitengenezwa kwa makusudi. Oksidi ya risasi ilisagwa pamoja na chumvi na maji, maji yakabadilishwa tena na tena kwa majuma kadhaa, mpaka ukapatikana unga mweupe laini. Kwa nini mtu ajisumbue hivyo kwa ajili ya weupe, ilhali weupe ulipatikana kwa njia rahisi? Mwaka 2010 watafiti walijaribu chumvi hizo juu ya seli za ngozi katika maabara. Waliona kuwa kiasi kidogo mno cha risasi kilizifanya seli zizidishe oksidi ya nitriki, ambayo huamsha kinga ya mwili, hadi kwa asilimia 240. Kwa watu walioishi kando ya mto uliofurika kila mwaka na kuleta maradhi ya macho, huenda wanja ulikuwa dawa kwanza na pambo baadaye. Ila tuseme kwa uangalifu: seli katika kisahani si mtoto mchanga mapajani mwa mama yake. Tutarejea hapo.

Kutoka Misri na Mesopotamia elimu hii iliingia katika maisha ya Waarabu, na Uislamu ukaikuta na kuipa nafasi. Ithmid imesifiwa katika hadithi kuwa huangaza macho na kuotesha kope, na ndiyo sababu hadi leo wako wanaume wa pwani wapakao wanja bila kudhani kuwa wameingilia mambo ya wanawake. Neno la Kiarabu kuhl, yaani wanja, lilisafiri pia. Wanakemia wa Ulaya walilichukua kwa maana ya unga laini sana, kisha kwa maana ya kiini kilichosafishwa cha kitu chochote, kisha kwa kiini cha mvinyo. Hivyo ndivyo kichupa cha wanja kilivyozaa neno alkoholi, na wawili hao leo wakikutana hawaamkiani.

Huku kwetu, ushahidi umo ardhini. Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, miongoni mwa vitu vya shaba alivyovikuta ni vijiti vyembamba vya kupakia wanja. Kijiti hicho hakikubadilika umbo: yeyote aliyemwona bibi yake akikilamba wanja kijiti, akafumba jicho na kukipitisha taratibu kati ya kope, amemwona mwanamke wa Kilwa ya masultani. Jina lenyewe, wanja wa manga, linataja asili yake, maana Manga ndilo jina la kale la nchi za Waarabu, hasa Oman, kama tunavyosema pilipili manga na njiwa manga. Wanja wa manga ni jiwe, nao hutofautiana na ule mwingine wa masizi, unaopatikana kwa kukinga moshi wa taa ya mafuta. Ule wa jiwe ndio uliohesabiwa kuwa bora, kwani ni mzito, unameta, na hauondoki upesi. Ukapakwa bibi harusi pamoja na hina na singo. Ukapakwa pia mtoto mchanga, nyusi zikakolezwa na alama ikatiwa kwenye paji la uso, ili kijicho cha watu kisimpate.

Karne ya 20 iliurudisha mtindo wa Misri kwa njia ya makumbusho na sinema. Tarehe 6 Desemba 1912, wachimbaji wa Kijerumani walioongozwa na Ludwig Borchardt walikifukua huko Amarna kichwa cha Nefertiti chenye jicho lililozungushiwa mstari mweusi. Na mwaka 1963 Elizabeth Taylor, katika filamu ya Cleopatra, aliionesha dunia kope zilizojaa rangi kutoka ukingo hadi kwenye nyusi. Rangi kali ikawa ya kila mtu. Lakini kabla ya hapo tamaa ya rangi isiyofutika ilikuwa imekwisha kudai watu. Mwaka 1933 iliuzwa Marekani rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, iliyoahidi weusi usiooshwa na maji. Ilikuwa na kemikali ya jamii ya zile zitumikazo kutia nywele weusi. Mwanamke mmoja alipofuka, na mwingine akafa. Misiba hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za kupitishwa sheria ya mwaka 1938, ambayo kwa mara ya kwanza iliviweka vipodozi chini ya usimamizi wa serikali ya nchi hiyo. Sheria iliruhusu rangi za namna hiyo kwa nywele za kichwa, pamoja na onyo; kwa kope na nyusi haikuziruhusu. Na tusidhani hiyo ni habari ya ng'ambo tu: piko inayochorwa mikononi na miguuni mwa maharusi wetu, na kuwaunguza baadhi yao, mara nyingi hukolezwa kwa kemikali za jamii hiyo hiyo.

Viwanda vya leo vimelijibu swali la kungwi kwa njia nyingine. Rangi ya macho inayodumu kutwa huwa na mafuta mepesi yanayoruka hewani mara tu yanapopakwa, yakiacha nyuma utando mwembamba wa utomvu unaoishika rangi. Jasho haliuyeyushi, na kope inayopepesa takriban mara 15 kwa dakika haiupasui. Hata asiyekuwa na rangi ya namna hiyo anaweza kufuata kanuni ile ile: asafishe kope mafuta ya mwili, apake tabaka jembamba la kitu cha kunata, kisha aikandamize rangi ya unga juu yake kwa ncha ya kidole, bila kuisugua, tabaka juu ya tabaka. Fundi wa Badari angeitambua kazi hiyo. Kwanza kinachoshika, ndipo kinachong'ara.

Na sasa turejee kwa mtoto. Mwaka 1998 ulichapishwa uchunguzi wa wanja uliokuwa ukitumika Oman. Baadhi ya sampuli zilikuwa ni galena, yaani risasi. Nyingine zilikuwa masizi. Kwa macho zote ni nyeusi, na kwa jina zote ni wanja. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na waathirikao zaidi ni watoto, kwani miili yao huifyonza upesi na ubongo wao bado unajengeka. Mtoto hupakwa nyusini. Hujifuta kwa kiganja. Kiganja huenda kinywani. Hapo kinga ya kijicho hugeuka kuwa mlango wa madhara, na aliyeufungua ni mtu ampendaye kuliko wote.

Sisemi kwamba tuutupe wanja. Taifa linalotupa kijiti kilichodumu tangu Kilwa litatupa na mengine. Nasema tuuulize. Tumuulize mwenye duka kama ni jiwe au masizi. Tuzitake mamlaka zinazokagua chakula na dawa zipime kilichomo vichupani, kwani kikishasagwa na kuchanganywa hakuna jicho liwezalo kutambua. Na maadamu hatujajibiwa, nyusi za mtoto zikae kama zilivyoumbwa.

Wahenga waliusuta mkakasi kwa kuwa rangi yake haikustahimili maji. Walikuwa na haki, lakini walitazama upande mmoja. Iko rangi inayofutika ikaacha mti mtupu, na hasara yake ni aibu ya siku moja. Na iko inayokataa kufutika, ikapita ngozi na kukaa ndani ya mwili. Hiyo maji hayaioshi.