BENDERA 1963, NOTI 1966: KENYA ILIVYOPATA PESA YAKE



Ndugu msomaji, mwezi huu mtukufu mikono yetu hushika pesa kuliko miezi mingine. Kuna sadaka, kuna futari ya jirani, kuna zaka kwa aliyefikia nisabu, na mwishowe kuna zile za Idi ambazo watoto huzingoja tangu chungu la kwanza. Basi hebu nikuulize. Kenya ilipata uhuru mwaka gani? Hata mtoto wa darasa la tatu pale Makongeni atakujibu haraka: 1963. Haya, na noti ya kwanza ya Kenya ilitoka mwaka gani? Hapo wengi wetu tutatazamana. Ilitoka 1966. Karibu miaka mitatu taifa letu lilikuwa na bendera, wimbo wa taifa, bunge na mawaziri, lakini pesa zilizokuwa sokoni hazikuwa zake. Kwa nini ikawa hivyo? Na jambo hilo lina maana gani kwako wewe kijana wa leo? Twende pole pole.

PESA KABLA YA SHILINGI

Maneno tunayoyatumia kila siku yanatueleza habari nyingi tukiyasikiliza. "Pesa" imetoka kwa Wahindi, ilikuwa sarafu yao ndogo ya shaba. "Rupia" pia ni ya kwao. "Sumni" ni Kiarabu, yaani thumuni, moja ya sehemu nane. "Fedha" asili yake ni ile madini nyeupe yenyewe. Pwani yetu ilifanya biashara na dunia nzima, na kila mgeni aliacha neno lake mfukoni mwetu.

Wala usidhani sarafu zililetwa na Mzungu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya Mreno kufika mwaka 1498, na ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye Sayyid Barghash wa Zanzibar, ambaye Mombasa na Lamu zilikuwa chini yake, alitoa pesa za shaba za mwaka 1299 Hijria (1882). Upande mmoja ziliandikwa Kiarabu, na upande wa pili zilichorwa mizani. Angalia alama aliyoichagua! Mizani, chombo cha haki sokoni. Muislamu yeyote aliyesoma Suratul Mutaffifin anajua uzito wa chombo hicho. Ile kampuni ya Waingereza iliyokuja kutawala kutoka Mombasa nayo ilitoa pesa za 1888, na bado ililazimika kuweka Kiarabu na mwaka wa Hijria, 1306, ili watu wazikubali.

Wakoloni waliposhika bara yote na kujenga reli, rupia ya India ndiyo iliyotawala. Kibarua alilipwa rupia, na kodi ya nyumba ikatozwa kwa rupia.

MWAKA 1920: MAUMIVU YA KUGEUZA PESA

Hapa tafadhali msomaji usipite haraka, kwa sababu jambo hili liliwagusa watu wa mashamba ya kahawa na mkonge ya huku kwetu Thika, Ruiru na Makuyu.

Mpaka Vita Vikuu vya Kwanza, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Baada ya vita bei ya madini ya fedha ikapanda duniani, na rupia ikapanda nayo. Mwaka 1920, mwaka ule ule nchi ilipoitwa Koloni la Kenya, serikali ikaamua kwamba rupia moja ni shilingi mbili za Kiingereza. Yaani sasa rupia 10 tu ndizo pauni moja. Ikaletwa florini badala ya rupia, nayo haikudumu. Punde ikafuata shilingi ya Afrika Mashariki, shilingi mbili kwa kila florini.

Fanya hesabu. Setla aliyekuwa na deni la rupia 1,500 benki alikuwa na deni la pauni 100. Asubuhi yake, bila kukopa hata senti, deni limekuwa pauni 150! Maana yeye kahawa na mkonge wake aliuza ng'ambo kwa pauni. Je, masetla walifanya nini? Walitafuta wa kubebeshwa mzigo huo. Mwaka 1921 wakaafikiana kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa thuluthi moja. Kutoka 15 hadi 10 ni thuluthi, sivyo? Hesabu ya London ikateremshwa mpaka kwenye sufuria ya kibarua.

Aliyesimama kupinga alikuwa kijana Harry Thuku, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea simu katika ofisi ya hazina ya serikali pale Nairobi. Alipinga kupunguzwa kwa mishahara, alipinga kodi, alipinga kipande. Machi 1922 akakamatwa. Umati ulipokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, mama Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, polisi wakafyatua risasi. Watu wasiopungua 21 wakafa. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukisikia mtu anasema mambo ya sarafu ni ya wasomi wa uchumi peke yao, mkumbushe hao waliolala chini mwaka 1922.

BODI YA LONDON

Ile shilingi ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Desemba 1919 na kukaa London. Wazee wanaikumbuka vizuri: sarafu ya shilingi yenye simba na milima nyuma yake, na senti zenye tundu katikati ambazo mtu aliweza kuzitunga kwenye uzi. Ndururu, yaani senti tano, ilikuwa na tundu. Noti zake zilionyesha kichwa cha mfalme, kisha Malkia Elizabeth, lakini thamani iliandikwa pia kwa herufi za Kiarabu na za Kigujarati. Mzee aliyesoma chuo tu, asiyejua Kiingereza, aliweza kuisoma noti yake.

Ilikuwa shilingi moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikaingia mwaka 1936. Hata Aden kule Yemen iliitumia mpaka 1965. Faida yake ni kwamba mfanyabiashara alitoka Mombasa hadi Kampala au Dar es Salaam na pesa ile ile, bila kubadilisha.

Kasoro yake je? Kwa miaka mingi Bodi haikutoa shilingi ila kwa kupokea pauni London. Mali ya kuidhamini shilingi yetu iliwekwa kule. Serikali ya huku haikuweza kuamua pesa ziongezwe au zipunguzwe kulingana na haja ya wananchi. Ni sawa na mtu mzima mwenye nyumba na watoto, lakini mfuko wake unashikwa na jirani.

UHURU UMEFIKA, NOTI BADO

Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, mwezi wa Rajab 1383, bendera ya Mwingereza ikashushwa Nairobi na ya Kenya ikapanda. Siku hiyo hiyo ule ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar na kukodishwa kwa Waingereza tangu 1895, ukawa rasmi sehemu ya Kenya, kwa mapatano yaliyotiwa saini London Oktoba 1963. Katika mapatano hayo Kenya iliahidi kulinda mahakama za Kadhi. Kwa hivyo sisi Waislamu tumo ndani ya msingi wa nchi hii tangu siku ya kwanza.

Ramadhan ya kwanza ya Kenya huru ikaanza katikati ya Januari 1964. Baba aliyempa mwanawe pesa za Idi mwaka huo alimpa sarafu iliyoandikwa jina la Malkia. Serikali ilikuwa yetu, pesa bado za Bodi. Ramadhan ya pili hivyo hivyo. Ya tatu pia.

Msiwalaumu wazee wetu kwa haraka. Hawakusahau. Tarehe 5 Juni 1963 Mzee Jomo Kenyatta, Mwalimu Julius Nyerere na Milton Obote walikutana Nairobi wakatangaza nia ya kuunda shirikisho la Afrika Mashariki kabla mwaka haujaisha. Nchi moja ingehitaji pesa moja, na pesa moja ilikuwepo tayari. Mbona waivunje? Wakangoja. Bodi yenyewe ilikuwa imehamia Nairobi tangu 1960, na mwaka 1964 ikatoa noti zisizo na sura ya Malkia. Badala yake kukawa na chombo cha matanga ziwani.

Shirikisho halikuja. Tanganyika na Uganda waliona viwanda vingi na faida nyingi ya biashara zinabaki Kenya. Kila serikali ilikuwa na mipango yake ya maendeleo na ilitaka benki yake ya kuisaidia. Juni 1965 mawaziri wa fedha wa nchi tatu wakatangaza kwamba kila mmoja atatoa pesa yake. Kwetu waziri alikuwa James Gichuru.

SEPTEMBA 1966

Tanzania ilifungua Benki Kuu yake Juni 1966, Uganda Agosti, na Kenya tarehe 14 Septemba 1966. Siku hiyo zikatoka noti za shilingi 5, 10, 20, 50 na 100 zenye sura ya Mzee Kenyatta, na juu yake Kiswahili: Banki Kuu ya Kenya. Shilingi mpya moja ilibadilishwa kwa ya zamani moja, kwa hivyo hapakuwa na kilio kama cha 1920. Sarafu zikafuata Aprili 1967. Maana yake, Idi ya Januari 1967 mtu alikuwa na noti ya Kenya mkono huu na ndururu ya Bodi mkono ule!

Gavana wa kwanza, Leon Baranski, alikuwa mgeni. Mwaka 1967 akafuata Mkenya wa kwanza, Duncan Ndegwa. Na mtihani haukuchelewa. Novemba 1967 Uingereza ikashusha thamani ya pauni yake. Zamani shilingi yetu ingeanguka pamoja nayo bila kuulizwa. Safari hii Kenya, Uganda na Tanzania zikakataa kufuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti. Mimi naona hiyo ndiyo siku uhuru wa mwaka 1963 ulipofika mfukoni.

SURA YA NANI?

Dola ya Kiislamu nayo ilipitia safari kama hii. Miaka mingi Waislamu walitumia dinari za Warumi na dirhamu za Waajemi, zenye sura za wafalme. Kisha Khalifa Abdulmalik bin Marwan, mwaka 77 Hijria, akatoa dinari isiyo na picha ya mtu, yenye maneno ya Tauhidi, na uzito wake ukawekwa wazi ili mtu asipunjwe.

Kwetu sura zilibadilika na viongozi: Kenyatta, kisha Moi, na Kibaki kwenye sarafu ya shilingi 40 ya 2003. Wananchi wakachoka. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikasema pesa za Kenya zisiwe na picha ya mtu binafsi. Ndiyo maana sarafu za 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu, na noti mpya zikaja 2019.

Lakini sura ni jambo dogo. Mwaka 1966 dola ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Goldenberg, mabilioni ya umma yalilipwa kwa dhahabu ambayo haikuuzwa popote. Kufikia mwisho wa 1993 dola ilikuwa zaidi ya shilingi 60. Mshahara wa mwalimu na akiba ya mjane vilipungua bila mwizi kuingia nyumbani kwao. Hiyo ni hiana ya amana, na ni kupunja mizani hata kama noti imepambwa vipi.

NA SISI VIJANA JE?

Novemba 2013 viongozi wa Afrika Mashariki walitia saini huko Kampala mkataba wa kuwa na pesa moja ifikapo 2024. Mwaka huo umepita na pesa hiyo haijapatikana. Lakini mazungumzo yapo, na pengine ni kizazi chako wewe kitakachoulizwa: je, turudi kwenye mfuko mmoja?

Utakapoulizwa, usijibu kwa jazba. Kumbuka kwamba tuliwahi kuwa nao, na haukuvunjwa na chuki. Ulivunjika kwa sababu kila mmoja alishuku kwamba mwenzake anakula zaidi. Tukitaka umoja ule urudi, tuanze kwa kugawana kwa haki, na kwa kuwahoji wanaoshika hazina yetu.

Na kabla wazee hawajaondoka, waulizeni baada ya futari ndururu ilinunua nini. Majibu yao hayamo vitabuni.

Twamuomba Allah (S.W.) atutakabalie saumu zetu, atujaalie chumo la halali, na atupe viongozi wanaochunga amana. Wabillahi tawfiq.