Mbegu na Kashata: Karanga ya Sikukuu Tosamaganga

Kashata haijui tanuri. Kuanzia Lamu hadi Kilwa, Unguja na Pemba, mpishi wake huhitaji sufuria, mwiko na sinia lililopakwa mafuta. Sukari huyeyushwa mpaka igeuke rangi, karanga zilizokaangwa au nazi iliyokunwa hutiwa ndani, hiliki hufuata, kisha mchanganyiko hutandazwa na kukatwa vipande ungali na joto. Ukishapoa, kazi imekwisha. Barazani kashata huliwa pamoja na kahawa chungu, na siku ya Idi hukaa sahani moja na visheti na halua.

Siku hizi mijini kimezuka kitafunio kingine cha ukoo huo huo. Karanga husagwa mpaka ziwe siagi, huchanganywa na asali na oti, yaani ile nafaka ya nchi za baridi iuzwayo madukani kwa pakiti, kisha huviringwa kwa kiganja na kuachwa zigande. Wengi hukiona kitu kigeni, ilhali umbo lake ni la ladu, jina lililotufikia kutoka kwa Wahindi zamani, na kiini chake ni karanga ile ile ya kashata. Oti ndiyo mgeni peke yake katika mkusanyiko huo, na penye unga wa ulezi uliokaangwa hata mgeni huyo aweza kukosekana na shughuli ikaendelea.

Lakini historia ya kitafunio haimalizikii katika namna ya kukitengeneza. Yafaa pia kuuliza karanga hizo zilitoka katika chombo gani, na kama hazikutengenezwa kashata zingalifanyiwa nini. Swali hili huonekana kwa uwazi zaidi mbali na bahari, huko Tosamaganga, katika nyanda za juu za Iringa.

Kabla ya karanga kuja, Afrika ilikuwa na njugu yake: njugu mawe, mmea wa asili ya bara hili, wenye punje ngumu inayotaka kuchemshwa muda mrefu. Karanga ni mzaliwa wa Amerika ya Kusini. Ililetwa Afrika na Wareno katika karne ya 16, ikaikuta njugu mawe, na katika sehemu nyingi za pwani ikakalia jina lake. Ndiyo sababu hata leo mtu wa visiwani akitaja njugu huenda akakusudia karanga, na kamusi zimelazimika kutenga njugu mawe na njugu nyasa. Wakulima walikuwa na haki ya kuzifananisha. Mimea yote miwili huchanua juu ya ardhi na kukomaza tunda lake chini ya udongo, kama mtu afichaye akiba yake asionekane.

Tosamaganga ipo kilimani, si mbali na mji wa Iringa, jirani na Kalenga iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa mpaka Wajerumani walipoiteka mwaka 1894. Jina la mahali hapo hufasiriwa kutoka Kihehe kuwa ni kutupa mawe. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walijenga misheni hapo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati vita vya Wahehe vilikuwa bado havijasahaulika, na Mkwawa mwenyewe alikufa mwaka 1898 bila kutiwa mkononi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na mahali pao wakaingia Wakonsolata, shirika lililoanzishwa Torino, Italia, mwaka 1901 na padre Giuseppe Allamano. Mwaka 1922 Iringa ilifanywa kuwa eneo la kikanisa lenye utawala wake.

Torino ni mji wa watu wanaojua tamu ya njugu. Tangu karne ya 19 umesifika kwa chokoleti iliyochanganywa na njugu zilizosagwa zilimwazo katika vilima vya jirani, na katika Italia nzima Krismasi haikamiliki bila ya torrone, kitamu cha asali, ute wa yai na lozi au njugu. Huko jambo hili limelingana na majira. Njugu za Piemonte huvunwa mwishoni mwa kiangazi chao. Mwezi wa Desemba ghala bado limejaa, shamba limelala chini ya baridi, na mkulima ana wasaa wa kukaa mezani.

Pamoja na misa, shule na hospitali, misheni ilileta kalenda. Krismasi ilipopandishwa mpaka Tosamaganga ilibaki na tarehe yake, lakini majira yaligeuka chini juu. Iringa ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili hivi. Karanga hupandwa mvua inapoanza, na huvunwa mvua inapokwisha. Kwa hiyo tarehe 25 Desemba humkuta mkulima na jembe mkononi, ghala limepungua, na mavuno ya mwisho yamepita miezi sita au zaidi. Sikukuu ya kushiba imeangukia katika msimu wa kubana matumizi, na huangukia hapo kila mwaka.

Pwani hali ni nyingine, kwa kuwa Idi hufuata mwezi. Mwaka wa Kiislamu una siku zipatazo 354, hivyo sikukuu hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka na kuzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Mtu aliyejaliwa umri hula kashata ya Idi wakati wa neema na wakati wa uchache, wa masika na wa kaskazi. Mwezi humgawia kwa zamu. Kalenda ya jua haina zamu.

Ndipo ugumu wa karanga unapojitokeza. Mhogo humwachia mkulima nafasi, maana mzizi huliwa na kijiti kikapandwa. Karanga haina kijiti. Punje ile ile iliwayo ndiyo ipandwayo, na iliyokwisha kupita katika kikaango haioti tena. Isitoshe, karanga hutaka mbegu nyingi: ekari moja ya mahindi hutosheka na kilo kumi hivi, ilhali ekari ya karanga humeza makumi ya kilo. Kila kibaba kinachokaangwa mwezi wa Desemba kimetolewa katika shamba la mwaka unaofuata. Wahenga walisema akiba haiozi, wala hawakukosea. Ila akiba ya karanga huliwa kwa urahisi mno, hasa watoto wanapoisikia harufu yake.

Anayeamua katika jambo hili, aghalabu, ni mama wa nyumba. Uamuzi wake hauandikwi popote, lakini uzito wake waweza kupimwa kwa kuutazama upande wa pili, pale serikali nzima iliposhindwa hesabu hiyo hiyo. Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikusudia kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, katika nchi kavu iliyo kaskazini ya Iringa, kisha ikaenea Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mvua haikutosha, na udongo wa Kongwa ulipokauka ulishupaa hata majembe ya chuma yakavunjika. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kula pauni milioni 36 hivi, na mbegu zilizonunuliwa zilizidi karanga zilizovunwa. Mama aliyejaza kibaba chake kwa haba na haba, akajua kiasi gani aguse na kiasi gani asiguse, alikuwa mtunza hesabu bora kuliko mabwana wale.

Hesabu yake ina sehemu ya tatu, nayo ni ya uhai. Karanga zinapochambuliwa, zilizojaa na zisizo na jeraha hutengwa kwa mbegu, zilizo nzima lakini ndogo huenda jikoni, na zilizosinyaa, zilizooza au kuota ukungu zastahili kutupwa. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga, na kutokana na msiba huo wataalamu wakaitambua sumu ya ukungu ambayo leo kwa Kiswahili huitwa sumukuvu. Moto wa kikaango hauimalizi. Na hapa ndipo siagi ya karanga inapotaka uaminifu kuliko kashata. Katika kashata punje huonekana, na mlaji aweza kuikataa iliyoharibika. Ikishasagwa, nzuri na mbaya huwa rangi moja, na mlaji hana budi kumwamini aliyechambua.

Basi atakaye kutengeneza kitafunio hiki na aanze kwa kuchambua, mchana, penye mwanga. Karanga zilizopita hukaangwa kwa moto mdogo, humenywa na kupepetwa, kisha hutwangwa kinuni au husagwa mpaka zitoe mafuta yake zenyewe. Asali huongezwa kidogo kidogo, chumvi kwa ncha ya vidole, halafu oti au unga wa ulezi uliokaangwa, mpaka donge liache kunata mkononi. Huviringwa vidonge vya ukubwa wa ndimu changa. Pwani, joto huvilegeza, na yafaa viliwe mapema. Tosamaganga, ubaridi wa usiku wa nyanda za juu huikaza asali, na asubuhi vimeshika.

Sahani hiyo ikipita nyumbani siku ya Krismasi, kila mtoto hupata kidonge kimoja, pengine viwili. Uchache huo mgeni aweza kuudhania kuwa ni uchoyo au ufukara. Nyuma ya mlango, ndani ya debe lililofunikwa, zimebaki karanga zilizojaa, zisizo na jeraha, nazo zinangoja udongo ulowe.