Hewa Ina Mwenyewe

Mwaka jana nilimtumia mathe sufuria mbili na simu kwa basi la usiku. Sufuria zilifika. Simu haikufika. Karani wa ofisi ya mizigo aliniangalia kama mtu anayedai mvua, na nyuma yake, ukutani, kulikuwa na leseni imetiwa kwenye fremu: Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Nikajiuliza, si hawa ndio wale wa kuzima TV?

Ndio hao. Na ukoo wao ni mrefu. Zamani posta na simu zilikuwa za Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilipovunjika 1977, Kenya ikaunda shirika lake, KPTC. Hilo ndilo lililobeba barua, likauza laini za simu (mtu aliweza kungoja miaka), na bado likawa na usemi juu ya masafa ya redio. Ukitaka kushindana nalo, uliomba ruhusa kwake. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Hewani nako kulikuwa na sauti moja, ya serikali. Ndiyo maana waasi wa tarehe 1 Agosti 1982 walikimbilia studio za Sauti ya Kenya na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Hakukuwa na stesheni nyingine ya kuwabishia. Capital FM ilikuja 1996, miaka kumi na minne baadaye.

Sheria ya 1998 ndiyo iliyolipasua KPTC. Mwaka uliofuata vikatoka vipande vitatu: Telkom ikachukua simu, Posta ikabaki na barua, na Tume ya Mawasiliano, CCK, ikawa refa. Kazi ya refa inaeleweka. FM inaanzia 87.5 na kuishia 108, na stesheni mbili zikikaa mahali pamoja katika mji mmoja, hutasikia hata moja. Lazima mtu agawe. Vilevile anayepokea pesa kubeba mizigo ya watu, lazima ajulikane ni nani.

Lakini refa mpya alikuwa mtoto wa nyumba ileile. Novemba 2000, kampuni za intaneti za Nairobi zilifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP. Kabla ya hapo, baruapepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, kisha ikarudi, na kila hatua inalipiwa dola. Manze, umbali wa mathree moja! Telkom ikalalamika kwamba haki ya kubeba data ya kimataifa ni yake peke yake. CCK ikaamuru kituo kifungwe, wiki chache tu baada ya kufunguliwa. Ubishi ulichukua karibu mwaka mzima kabla ya leseni kutolewa, na kituo kikarudi kazini 2002. Sioni vipi data ya Nairobi kwenda Nairobi ilikuwa ya kimataifa, ila kwa sababu waliilazimisha isafiri.

Katiba ya 2010, kifungu cha 34, inataka leseni za utangazaji zitolewe bila kuingiliwa na serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara. CCK ikageuka kuwa Mamlaka mwaka 2014. Januari 30, 2018, Raila Odinga akila kiapo Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zikazimwa. Mahakama ikaamuru ziwashwe, na bado zilikaa gizani kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Juni 2025 tulikuwa barabarani, na amri ikatoka ya kukataza maandamano kurushwa mubashara. Mahakama Kuu ikaisimamisha siku hiyohiyo ama karibu hivyo. Mimi nilijua usiku, nikiwa nimefika nyumbani, macho bado yanawasha.

Kuhusu simu ya mathe: utaratibu ni kulalamikia kampuni kwanza, ikikunyamazia ndipo uende kwa Mamlaka. Nimeiandikia kampuni mara mbili. Barua ya tatu ni ya Mamlaka, na risiti ninayo.