Kadi ya Grafiki: Ubuy Sai ama Ungoje? Hesabu ya Msee wa Laini Saba

Umefungua base ya gemu Laini Saba, chumba cha mabati, ama unaedit video za harusi na za wasanii wa mtaa. Mashine yako ni ile desktop ya ofisi iliyotoka majuu, OptiPlex ama EliteDesk, ukaichukua Luthuli Avenue. Sasa imeanza kuhang, kasta anahamia kwa jirani, na kwa M-Pesa uko na doh ya kadi ama ya rent, si zote mbili. Kabla hujatuma, soma hii.

Kwanza, hakikisha shida ni kadi

Fungua Task Manager gemu ikiendelea. Kama GPU iko 95 hadi 100 na prosesa imetulia, kadi ndio imelemewa. Kama prosesa ndio imefika 100, kadi mpya haitakusaidia. RAM imejaa, ama bado unatumia diski ya kuzunguka? Anza hapo. Pia fungua kesi upanguse vumbi. Mchana mabati inachoma, na mashine ikipata joto sana inajipunguza speed yenyewe. Kuna wasee wamebuy kadi na shida ilikuwa feni chafu.

Kesi yako inaweza kubeba gani?

Hapa ndio wengi huanguka. Hizo desktop nyembamba za ofisi nyingi zina pawasaplai ya wati 240 hivi, na hazina ile waya ya ziada ya kulisha kadi kubwa. Zinaingia kadi fupi tu, za low profile. Kwa hivyo tafuta kadi inayojilisha kutoka kwa slot, isiyozidi wati 75. GTX 1650 nyingi ziko hapo, na RTX 3050 ya 6GB, iliyotoka 2024, ni wati 70. RTX 3060 inataka wati 170, so ukiitaka, ongeza bei ya pawasaplai na pengine kesi nzima.

Usisahau tokeni. Kadi ya wati 75 ikichapa kazi masaa 8 inakula yuniti 0.6. Ya wati 170 inakula 1.36. Kwa mwezi tofauti ni karibu yuniti 23. Na vile stima ya mtaa huenda na kurudi na kishindo, UPS inafaa kuwa kwa bajeti yako.

Usidanganywe na bei ya kutupa

GTX 1050 Ti na GTX 1060 bado zinauzwa sana mitumba. Zinachapa gemu za zamani fiti, lakini Nvidia ilifunga drayva mpya za gemu kwa familia hiyo Oktoba 2025. Zimebaki na za usalama tu, hadi 2028. GTX 1650 bado iko ndani. Kama bei zimekaribiana, usifikirie mara mbili.

Jua pia kuna kadi zilizofanya kazi ya kuchimba krypto. Ethereum iliacha kuchimbwa na kadi Septemba 2022, na nyingi zikamwagika sokoni. Hazijakufa zote, lakini feni zimechoka. Mimi niliwahi kubebwa ujinga hivyo: nilionyeshwa kadi inawaka, nikatuma doh, nikafika keja. Gemu dakika kumi, skrini nyeusi. Msee hakushika simu tena, na kazi ya kasta ikaenda.

Kwa hivyo, ikiwa ni mitumba, ichapishe gemu nzito dakika 20 mbele yako. Angalia joto, sikiza feni. Risiti iwe na namba ya kadi na siku za waranti. M-Pesa ndio mwisho.

Ngoja kama...

Unacheza tu wikendi na gemu zako bado zinaingia. Ama itabidi utumie Fuliza. Deni ya kadi haijui wiki mbaya. Ama unangoja GTA VI: hiyo imetangazwa ya PS5 na Xbox Series, kadi ya PC haitakufikisha huko siku ya kwanza.

Lakini usingoje eti bei lazima ishuke. Mwisho wa 2025 bei ya memori ilipanda vibaya juu viwanda vimeelekea kwa mashine za AI, na kadi pia imebeba memori. Ngoja ukiwa na sababu na tarehe.

Buy kama...

Kadi itajilipa. Tuseme ni ngiri 18, na itakuongezea 600 kwa wiki baada ya kutoa tokeni. Hiyo ni wiki 30, miezi saba. Kama waranti ni miezi mitatu, umebeba miezi minne ya risk mwenyewe. Ikiongeza 1,500 kwa wiki, ni wiki 12 na umerudisha doh yako waranti ikiwa bado hai. Hiyo ni ya kuchukua.

Mimi chuo niliacha, lakini hii hesabu haitaki digrii. Iandike kwa karatasi leo usiku, rent ikiwa mstari wa kwanza. Kitakachobaki chini ndicho kitakuambia kama utapanda mat ya tao kesho ama utakaa base upanguse feni.