Asili ya M-Pesa na Mchango wa Watumiaji Wake

Historia ya chombo kipya huandikwa mara nyingi kwa majina ya waliokibuni, na wale waliokitumia kwanza husahauliwa. Hivi ndivyo isimuliwavyo habari ya M-Pesa, huduma ya kupeleka fedha kwa simu ya mkononi iliyofunguliwa nchini Kenya mwezi wa Machi, 2007. Hutajwa kampuni ya Vodafone ya Uingereza na ya Safaricom ya Kenya. Hutajwa pia Nick Hughes, aliyelitoa shauri, na Susie Lonie, aliyeisimamia kazi yenyewe. Sifa hizo ni za haki. Lakini tukizifuata hatua za kazi hiyo moja moja, twaona kuwa kilichofunguliwa mwaka 2007 sicho kilichokusudiwa hapo awali, na waliokigeuza ni watumiaji.

Kusudi la kwanza lilikuwa mikopo midogo. Serikali ya Uingereza ilitoa fedha za kuanzia, na Vodafone nayo ikatia sehemu yake. Faulu Kenya, shirika la kukopesha wafanyabiashara wadogo, lilikuwa na desturi ya kuwaweka wakopaji katika vikundi, na kila mtu huleta rejesho lake mkutanoni kwa fedha taslimu. Ilidhaniwa kuwa mkopaji akilipa kwa simu ataokoa wakati, tena ataepukana na hatari ya kubeba fedha njiani. Basi mwezi wa Oktoba, 2005, majaribio yalianza Nairobi na Thika kwa wateja wapatao 500, nao wakapewa simu.

Haukupita muda mrefu watu wakaanza kufanya mambo ambayo hawakufundishwa. Wengine walilipiana madeni. Wenye maduka waliweka mapato ya jioni kwa wakala, benki zikiwa zimekwisha fungwa, wakayachukua asubuhi. Msafiri aliweka fedha mji mmoja akazitoa mji wa pili, mifuko yake ikiwa mitupu njia nzima. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawapelekea jamaa zao wa mashambani. Tena walipelekeana fedha kwa haja za ghafula, kama vile nauli ya mtu aliyeibiwa akiwa mbali na kwao.

Wakati huo huo, lile kusudi la kwanza lilileta taabu. Hesabu za simu hazikupatana kwa urahisi na vitabu vya Faulu. Na mkopaji aliyeweza kulipa akiwa mahali popote hakuona sababu ya kuhudhuria mkutano, hali mkutano ndio uliokuwa nguzo ya kikundi. Waliosimamia majaribio waliyatazama hayo, wakawauliza wateja, wakaiweka mikopo kando. Huduma ikajengwa upya juu ya jambo moja jepesi: kumpelekea mtu fedha nyumbani. Katika miaka miwili ya kwanza ilipata wateja zaidi ya milioni 5.

Je, tuuite huu ushirikiano? Yafaa tuulinganishe na habari za Norwei. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1970, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma kilifanya kazi pamoja na Kristen Nygaard, mtaalamu wa kompyuta, ili wafanyakazi wenyewe waichunguze mitambo iliyokuwa ikiletwa kazini mwao. Mwaka 1975 yakafanywa mapatano ya nchi nzima yaliyowapa haki ya kuarifiwa na kusikizwa kabla mitambo kama hiyo haijawekwa. Wateja wa Thika hawakuwa na haki ya namna hiyo. Walitazamwa, wakaulizwa, na kwa bahati njema wakasikizwa. Lakini uamuzi ulibaki kwa wenye kampuni, na faida kadhalika.

Kwa hiyo mwenye kuiandika historia ya M-Pesa hana budi kuyatenga mambo mawili: kuchangia katika kukitengeneza chombo, na kuwa na sauti juu yake. La kwanza watumiaji walilifanya, na wastahili kuandikwa miongoni mwa watengenezaji. La pili hawakupewa.